Kuvunja Chuma cha Kinu cha Nyuklia: Mbinu kwa Mwanafunzi wa Uzamivu

Kata sampuli kumi na mbili kutoka bamba moja la chuma cha A533B, zipoze kwa naitrojeni ya kimiminika hadi nyuzi zile zile, uzivute kwenye mashine ile ile. Moja inaweza kustahimili mara mbili ya mwenzake. Usikimbilie kulaumu mashine. Chuma cha chombo cha kinu, kikiwa baridi, huanza kuvunjika kwenye chembe moja dhaifu, mara nyingi kabaidi, na chembe hiyo inaweza kuwa karibu na ncha ya ufa au mbali nayo.

Kim Wallin wa Finland aliitafutia tofauti hiyo hesabu, na mwaka 1997 ikaingia katika kiwango cha ASTM E1921. Unachosaka ni T0: joto ambalo nusu ya sampuli zenye unene wa milimita 25 huvunjika kabla ya kufika MPa√m 100. Kiwango hakikubali matokeo halali chini ya sita. Mimi ningeandaa mara mbili yake, maana hutakosa zitakazoharibika.

Utaanzia nyuzi ngapi? Vunja kwanza vipande vya Charpy, upate joto linalotoa jouli 28. Kwa sampuli ya milimita 25, shuka kama nyuzi 18 chini ya hapo. Kwa kipande kidogo cha ukubwa wa Charpy chenye ufa wa uchovu, shuka kama 50. Matokeo ya kwanza yakikuonyesha T0 iko kwingine, hama nayo. Waya wa kipimajoto uchomelee kwenye sampuli yenyewe, karibu na ufa. Hewa ya chumba cha baridi hudanganya. Na sampuli iliyogoma kuvunjika hadi ikapita kikomo usiifute kwenye jedwali, kwa sababu hesabu ya Wallin, iliyojengwa juu ya mgawanyo wa Weibull, ina nafasi yake.

Wengi huharibu kazi baada ya kishindo. Nusu mbili zikitoka kwenye baridi kali hushika umande papo hapo, na kutu hufika kabla ya hadubini. Zitumbukize kwenye alkoholi, uzikaushe, ndipo upime urefu wa ufa katika nukta tisa.

Kabla ya msumeno kugusa bamba, gonga namba mahali kitakapokatwa kila kipande, pande zote mbili, na uandike kinatoka kina gani na kinaelekea wapi. Ukuta wa chombo una unene wa sentimita 20 hivi. Uso wake ulipoa haraka kuliko katikati, hivyo si chuma kimoja. Kwa chuma kilichopigwa na nyutroni namba hizo ni mali: nusu ya Charpy iliyokwisha kuvunjwa bado inatoa sampuli ndogo za milimita 4, na msimamizi wako atakuuliza zilikatwa upande gani.