Kupima Fyuzi za Motakaa kwa Multimita

Katika Mabawe na vijiji vingine vya wilaya ya Ngara, mgonjwa akizidiwa usiku jamaa zake huenda kumwamsha mwenye motakaa. Dereva akigeuza swichi na taa za mbele zisiwake, atashukaje milima ile gizani? Mara nyingi kosa ni dogo: fyuzi moja imekatika. Lakini asiyejua kupima huchomoa hii na kuchomeka ile, na mwisho hutia kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi, taa zikawaka, akashukuru. Hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili, maana msumari ule waweza kuiteketeza motakaa pamoja na mgonjwa aliyemo.

Fyuzi ni kipande chembamba cha madini kilichofanywa kwa makusudi kiwe dhaifu kuliko waya wa njia yake. Umeme ukizidi kiasi, huyeyuka kwanza, na njia hukatika. Taa mbili za wati 55 kila moja, kwa betri ya volti 12, hutumia ampea 9 na kidogo. Waya wake umewekwa kwa mzigo huo na ziada si kubwa. Basi waya ukichubuka na kugusa bodi, betri humwaga ampea nyingi mno kwa mara moja. Msumari hauyeyuki, waya ndio utakaokuwa mwekundu kama chuma cha mhunzi, na ngozi yake ya plastiki itashika moto.

Kila fyuzi ina namba yake, na rangi yake pia: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Nyekundu irithiwe na nyekundu. Kutia ya kijani mahali pa nyekundu ni nusu ya kutia msumari.

Ama kipimo chenyewe, asili yake ni Uingereza. Mwaka 1923 fundi wa Posta aitwaye Donald Macadie, aliyechoshwa na kubeba vyombo vingi, alitengeneza kimoja cha kupima ampea, volti na omu. Multimita zinazouzwa madukani leo ni wajukuu wa chombo hicho, na ya bei ndogo yatosha kwa kazi hii.

Kijiti cheusi kiingie katika tundu la COM, chekundu katika tundu lenye alama ya V. Twawaonya sana juu ya tundu la 10A: ukisahau chekundu humo kisha ukagusa betri, ni sawa na kuunganisha vichwa viwili vya betri kwa waya mtupu. Geuza kichagulio mpaka V yenye mstari ulionyooka, kwenye 20. Kwa malori makubwa yapitayo kwenda Rusumo na Kabanga, ambayo betri zake ni volti 24, tumia 200.

Anza na betri. Iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikiwa imezimwa. Kisha tafuta kisanduku cha fyuzi. Motakaa nyingi zina viwili, kimoja chini ya boneti na kingine karibu na miguu ya dereva. Na kwa kuwa baadhi ya motakaa za Burundi na Rwanda usukani wake huwa kushoto, huenda kikawa upande mwingine. Kifuniko kina ramani, lakini mara nyingi imeandikwa Kijapani. Hapo multimita itasema lugha inayoeleweka.

Washa ufunguo na swichi ya taa, maana fyuzi nyingine hazipati umeme mpaka hapo. Usichomoe kitu. Gusisha kijiti cheusi kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Mgongoni mwa fyuzi mna vitundu viwili vinavyoonyesha madini. Gusa kimoja kwa chekundu, kisha cha pili. Pande zote mbili zikitoa volti kama za betri, fyuzi ni nzima, ukatafute kosa kwenye taa au waya wake. Upande mmoja ukitoa 12 na wa pili sifuri, fyuzi imekatika. Pande zote zikitoa sifuri, usiilaumu fyuzi hiyo: umeme haujaifikia, na kosa liko nyuma yake, katika swichi, rilei au fyuzi kuu.

Ukitaka hakika zaidi, zima kila kitu, chomoa fyuzi, weka kichagulio kwenye omu, na gusa miguu yake miwili. Nzima hutoa karibu sifuri. Iliyokatika huonyesha 1 au OL. Usitegemee jicho, kwa kuwa ufa mwembamba kama unywele hauonekani. Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani kwa betri ya tochi ya volti 1.5 na balbu yake.

Fyuzi mpya ya namba ileile ikikatika papo hapo, usitie ya tatu. Zima taa, ondoa kichwa cha betri chenye alama ya kutoa, na ufuate waya kwa mkono na kwa jicho, hasa unapopita tundu la chuma na kwenye bawaba za mlango wa nyuma, ambapo kufungua na kufunga huusaga siku zote.