Mshipi wa Trauti Chini ya Barafu: Uzi Upi, Unene Gani?

Mshipi ukikatika mkononi mwa mvuvi wa trauti juu ya barafu, mara nyingi si kwa sababu samaki alikuwa mzito mno. Umekatika kwenye fundo lililokazwa na vidole vyenye ganzi, au pale uzi uliposugua ukingo wa tundu, au kwa sababu rili iliganda ikakataa kuachia uzi samaki alipovuta. Kwa hiyo ukiingia dukani usianze na swali la "huu unabeba kilo ngapi?" Jiulize kwanza utakaa wapi: ndani ya hema lenye jiko, au nje kwenye upepo. Jibu la hilo ndilo litakalokuchagulia uzi.

Nawaandikia hasa wasomaji walioko Minnesota, Maine, Manitoba, Ontario na majirani zao. Wengi wenu mlikulia kando ya Tanganyika, Victoria au bahari, na kazi ya mshipi hamhitaji kufundishwa. Kigeni kwenu ni baridi, nayo hubadilisha tabia ya kila uzi mliowahi kuushika.

Kwanza samaki mwenyewe. Trauti wa ziwa, ambaye wataalamu humwita Salvelinus namaycush, hupenda maji ya nyuzi 10 za Selsiasi au chini ya hapo. Maine utamsikia akiitwa togue, na magharibi mwa Marekani mackinaw. Yakumbuke majina hayo unaposoma kanuni na vibao. Kiangazi hujificha vilindini. Ziwa likishaganda, maji yote huwa ya baridi, basi naye hutembea apendako: leo mita 4 kando ya mwamba, kesho mita 30 katikati ya ziwa. Wengi utakaowapata watakuwa wa kilo chache tu, ingawa mmoja aliyevuliwa kwa ufito mwaka 1995 katika Great Bear Lake huko Kanada alikuwa na uzito unaozidi kilo 32. Meno yake ni madogo na makali. Hayakati uzi kwa mara moja kama ya samaki aitwaye paiki, bali huukwaruza kidogo kidogo, naye akinaswa hupenda kujiviringisha. Tena ana desturi ya kukifuata chambo kinachopanda, akikikagua kwa karibu kabla ya kukiuma. Uzi wako basi unatakiwa kuvumilia mkwaruzo na kutomtia shaka anayeutazama.

Dukani utakuta nyuzi za aina tatu.

Nailoni ndiyo ya zamani na ya bei nafuu. Ni laini kufunga na husamehe makosa, kwa kuwa hunyumbuka: inaweza kurefuka karibu robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Kwenye maji ya mita 5 huo ni msaada, maana samaki akirusha kichwa ghafla, uzi unapokea kishindo. Kwenye mita 30 ni tabu tupu. Unavuta ufito juu kwa nguvu, na kule chini ndoana inasogea kidogo tu. Zaidi ya hapo, nailoni hunywa maji na kupoteza sehemu ya nguvu zake, na ikikaa kwenye rili ndogo wakati wa baridi hujikunja pete-pete. Chambo chepesi hakiwezi kuzinyoosha pete hizo, hivyo samaki anagusa na wewe huna habari.

Fluorokaboni kwa macho unaweza kuidhania nailoni, lakini ni plastiki nyingine kabisa. Hainywi maji. Huzama upesi kwa sababu ni nzito kuliko maji kwa kiasi kikubwa, na huvumilia kusuguliwa na jiwe na barafu. Mwanga unapopita ndani yake hupinda kwa kiwango kinachokaribia cha maji, kwa hiyo haionekani kwa urahisi kama nailoni. Wauzaji husema haionekani kabisa, na hapo wanatia chumvi. Ubaya wake ni ugumu. Ukiijaza rili nzima kwa fluorokaboni nene, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri itaifanya iruke kutoka kwenye rili kila unapoilegeza.

Uzi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za poliethilini. Ni mwembamba sana kwa nguvu zake: wa paundi 20 unaweza kuwa mwembamba kuliko nailoni ya paundi 10. Na karibu haunyumbuki hata kidogo. Chambo kikigonga jiwe mita 35 chini, unalihisi kwenye kiganja. Lakini huelea, huonekana, hukwaruzika upesi kwenye barafu, na hubeba maji katikati ya nyuzinyuzi zake. Hapo ndipo shida inapoanza. Ukiwa nje, maji hayo huganda kabla hayajafika kwenye rili. Kwanza utaona shanga nyeupe za barafu kwenye pete ya ncha ya ufito, halafu tundu la pete linaziba, kisha uzi unakwama. Na samaki hangoji. Usiipige pete kwenye buti wala usiing'oe barafu kwa kucha. Chovya ncha ya ufito majini, ndani ya tundu la barafu, kwa sekunde kadhaa. Maji ya ziwa, hata yakiwa karibu na sifuri, yana joto kuliko hewa, na barafu italegea.

Basi ushauri wangu ni huu. Ukivua ndani ya hema lenye jiko, jaza rili uzi wa kusuka wa paundi 15 hadi 20, yaani takriban kilo 7 hadi 9, kisha unganisha mbele yake kipande cha fluorokaboni. Hakuna mpango mwingine unaokupa hisia kama huo kwenye kina kirefu. Ukivua nje, ukihama tundu hadi tundu, acha uzi wa kusuka nyumbani na utumie nailoni au fluorokaboni ya paundi 8 hadi 12 kwa mshipi mzima, ukitafuta ile iliyoandikwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya barafu, maana huwa laini zaidi. Utapoteza hisia kidogo, lakini rili itazunguka. Na ukitumia uzi wa kusuka, tangulia na mita chache za nailoni kwenye rili, la sivyo uzi wote utateleza na kuzunguka juu ya chuma kama vile haukufungwa.

Sasa huo uzi wa mbele. Watu wengi huufanya mfupi mno. Kazi yake ni kumficha samaki uzi wa kusuka, na zaidi ya hapo kupokea msuguano kwa niaba yake. Barafu ya Februari inaweza kuwa na unene wa sentimita 60 hadi 90. Samaki anapofika chini ya tundu na kukimbilia pembeni, uzi wote uliomo ndani ya tundu hulala kwenye ukingo wa chini wa barafu, nao ukingo huo ni mkali. Ukiwa na kipande cha nusu mita, anayesuguliwa hapo ni uzi wa kusuka, na mambo huishia hapo. Kipande cha mita 2 hadi 3 huhakikisha kwamba dakika za mwisho, ambazo ndizo za hatari, anayegusa barafu ni fluorokaboni.

Unene wake utategemea mwanga. Ziwa lenye maji maangavu na barafu tupu isiyo na theluji hupitisha jua hadi chini sana, na trauti anayefuata chambo huona kila kitu: hapo tumia paundi 8 hadi 10. Theluji ikiwa nene juu ya barafu, au ukishusha chambo kwenye mita 25 na zaidi, kuna giza, na sioni sababu ya kujinyima. Paundi 12 hadi 15 hazitamkimbiza mtu. Kaskazini mwa Kanada, kwenye maziwa yenye samaki wazito na mawe mengi, wavuvi hupanda hadi paundi 20. Waya hauhitajiki kwa trauti, na hukifanya chambo kicheze vibaya. Isipokuwa ziwa lako lina paiki wengi na unavua kwenye kina kifupi. Hapo ama waya mwembamba, ama ukubali kupoteza vyambo.

Wengine huunganisha kwa swiveli, yaani kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, kwa sababu chambo kinachopandishwa na kushushwa wima hupotosha mshipi hadi ujikunje wenyewe. Ni jambo jema, lakini swiveli haipiti kwenye pete ya ncha. Uzi ulio chini yake ukiwa mrefu kuliko ufito, samaki atabaki chini ya barafu huku swiveli imegonga ncha, na utalazimika kumvuta kwa mkono. Ufito wa barafu una urefu wa karibu mita moja tu. Kwa hiyo, ukitaka swiveli, iweke sentimita 60 juu ya chambo, katikati ya fluorokaboni yenyewe, na hapo juu unganisha fluorokaboni na uzi wa kusuka kwa fundo jembamba. Fundo la Uni mbili linatosha: kila uzi unaufunga mwenzake, uzi wa kusuka mizunguko minane, fluorokaboni minne au mitano, kisha mafundo mawili yanavutwa mpaka yakutane. Wanaopenda umaridadi hutumia fundo la FG, ambalo ni jembamba zaidi, ila silipendekezi kwa mtu aliyevaa glavu.

Fundo la chambo liwe la Palomar au lolote unaloweza kulifunga ukiwa umefumba macho. La muhimu ni mate. Loanisha fundo kabla ya kulikaza, kisha vuta polepole hadi mizunguko ipangane. Fluorokaboni ikikazwa kavu na kwa haraka hupata joto la msuguano na kudhoofika papo hapo. Ukiona karibu na fundo uzi umejisokota au umegeuka mweupe, ukate uanze upya. Afadhali zaidi ni kufunga vipande vyako mezani nyumbani, kila kimoja na swiveli na chambo chake, ukavizungushia kwenye kipande cha sponji. Kufunga uzi wa paundi 8 kwenye upepo ni kujitafutia adhabu.

Kuna pia uvuvi wa bendera: mshipi umetegwa juu ya tundu na chambo cha samaki, na samaki akivuta, bendera inasimama. Aliyevua kwa mshipi wa mkono kule nyumbani atajisikia yupo kwao, kwa kuwa hakuna ufito, wala breki isiyokuwa vidole vyake. Hapa usidanganyike na nyuzi nyembamba. Uzi wa kusuka mwembamba utakukata vidole na kujifunga mafundo kwenye barafu. Chukua uzi mnene uliopakwa nta au plastiki, wa paundi 30 au zaidi, si kwa ajili ya nguvu bali ili ushikike, kisha swiveli, kisha mita moja na nusu ya fluorokaboni ya paundi 12 hadi 15. Kuhusu chubwi, angalia sheria kabla ya kununua ya risasi. Maine imepiga marufuku chubwi za risasi za wakia moja au chini ya hapo, na mbuga za taifa za Kanada zinakataza zile zisizofikia gramu 50, kwa sababu ndege wazamiaji huzimeza na kufa kwa sumu. Za bati au tangsteni zinapatikana dukani.

Breki ya rili ipimwe ukiwa barafuni. Grisi iliyomo ndani huwa nzito kwenye baridi, na breki uliyoiweka vizuri sebuleni inaweza kuwa ngumu maradufu huko nje. Acha rili ikae nje kwa nusu saa, kisha funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza na uvute: breki iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi wako dhaifu kuliko zote. Kwa fluorokaboni ya paundi 10 hiyo ni kama kilo moja na robo. Samaki akifika karibu, ingiza ncha ya ufito ndani ya tundu ili uzi usiguse ukingo. Na baada ya kila samaki, pitisha mita ya mwisho ya uzi kati ya vidole bila glavu. Ukihisi ukwaru wowote, kata. Nailoni ibadilishwe kila msimu. Uzi wa kusuka hukaa miaka, na ukichakaa upande mmoja unaweza kugeuzwa.

Kanuni za leseni, idadi ya mishipi na idadi ya samaki hutofautiana kwa jimbo na hata kwa ziwa, hivyo zisome za mwaka huu, si alizokwambia jirani. Na barafu angavu isiyofikia sentimita 10 isikanyagwe kabisa, mshipi uwe mzuri namna gani. Ile nyeupe yenye theluji ndani yake nguvu zake ni nusu tu.

Vipande vya uzi ulivyokata usiviache juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka vitaingia majini, na ndege watanaswa navyo. Maduka mengi ya vifaa vya uvuvi yana mapipa ya kukusanya nailoni kuukuu. Uzi wa kusuka kwa kawaida haupokelewi humo, basi ukatekate vipande vifupi na kuutupa kwenye taka za nyumbani.