Glavu za kijana anayekwenda Winnipeg

*Mwanangu amepata nafasi ya kusoma Winnipeg, Kanada, na anaondoka Januari. Baridi tunayoijua hapa Isevya ni ya Juni na Julai, ukivaa sweta imekwisha. Mitumbani nimeona glavu nyeusi za ngozi, nzuri kweli, na kando yake zile nene ambazo vidole vinne vinaingia mfuko mmoja na gumba peke yake. Kijana hizo za pili hataki hata kuzisikia, anasema za kitoto. Nichukue zipi?*
*Mama Mwanafunzi, Isevya, Tabora*

Mama, hongera kwa malezi. Chukua hizo anazozikataa. Usiku wa Januari, Winnipeg hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, tena kwenye tambarare yenye upepo. Watu wazima huko wanazivaa, hakuna wa kumcheka. Vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Vikitengwa, kila kimoja kinapoa kivyake. Hizo za ngozi, kama ndani hazina manyoya wala sufu, ni za kuvalia suti.

Ukirudi sokoni usitazame rangi. Mwambie avae, akunje ngumi: zikimbana, aachane nazo, maana damu isipopita vizuri hata glavu nene haisaidii. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Ukisikia pumzi upande wa pili, upepo nao utapita. Papasa ndani, ukikuta mabonge ujue ujazo umeshachoka. Na shingo ya glavu iwe ndefu, ifunike mkono wa koti.

Ongeza jozi nyembamba ya sufu, yenye vidole, ya kuvaa ndani. Akitaka kushika simu au ufunguo atavua ya nje tu. Pamba usinunue: ikinyonya jasho inabaki na maji, mkono unapoa, wakati sufu hupasha hata ikiwa na unyevunyevu. Na bei usiogope kuikata. Marobota mengi hutoka nchi hizo hizo za baridi, na Tabora nani atagombania glavu nene, labda bodaboda wa alfajiri? Koti zito na viatu akanunue huko huko. Nguo za mitumba nao wanauziana.

Mweleze pia hili kabla hajapanda ndege. Akiona vidole vimekufa ganzi na ngozi imekuwa ya kijivu (yetu nyeusi haigeuki nyeupe waziwazi kama ya wenyeji), aingie ndani, avitie katika maji ya uvuguvugu. Asisugue, asiote moto: kidole chenye ganzi hakijui kinapoungua. Hisia zisiporudi, aende hospitali.

Mwisho, ziunganishe glavu kwa kamba ipite ndani ya koti, moja isije ikabaki kwenye basi. Akikataa na hilo, mwache. Ya pili atanunua kwa hela yake.