Kusoma mkondo wa shimo jeusi ukiwa Kariandusi
Mwezi wa Mei, kati ya saa tatu na saa nne usiku, galaksi ya M87 hupita karibu utosini pale Kariandusi, kaskazini kidogo tu. Chagua mahali ambapo taa za magari ya barabara kuu ya Nakuru hazikumuliki, uyape macho nusu saa yazoee giza. Tafuta nyota ya Denebola, kisha Vindemiatrix. M87 iko takriban katikati yao. Mawingu ya masika yakikusumbua, jaribu Februari saa tisa usiku.

Darubini yenye kioo cha sentimita 20 itakuonyesha doa la ukungu tu. Usikate tamaa: doa hilo liko umbali wa miaka-nuru milioni 55 hivi, na kitovuni mwake mna shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni 6.5. Mkondo wenyewe, yaani mrusho mwembamba wa maada kutoka kando ya shimo, usome kwenye picha mbili zilizochapishwa, ukizimulika kwa tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu: ya Hubble, na ile ya pete ya mwanga kuzunguka shimo hilo, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019.

Anza na ya Hubble. Mstari mwembamba wa buluu umechomoza upande mmoja, na wengi hudhani shimo limerusha upande huo pekee. Mikondo ni miwili. Huu unaelekea kwetu, umeinama takriban digrii 17 tu kutoka mstari wa macho yetu, na kwa kuwa unakimbia karibu na kasi ya nuru, mwanga wake hujikusanya mbele. Mwenzake ametupa kisogo, hivyo amefifia. Hayo ni ya mwelekeo na kasi. Usiyahesabu kuwa ushahidi wa mzunguko wa shimo lenyewe.

Mzunguko utafute kwenye pete. Upande wa kusini unang'aa zaidi kwa sababu gesi ya huko inatujia. Shimo likijizungusha huburuta anga linalolizunguka na kusokota nyuzi za sumaku kama kamba. Blandford na Znajek walieleza mwaka 1977 jinsi nguvu ya mkondo inavyoweza kutoka humo. Kisha linganisha miaka. Picha za redio za 2000 hadi 2022 zinaonyesha shina la mkondo likiyumba, duru moja kwa takriban miaka 11. Kwangu huu ndio ushahidi mzito zaidi kwamba shimo linajizungusha, na picha moja haiwezi kukupa.

Mwenye darubini ya macho mawili asubiri Septemba, saa mbili usiku, aelekee kaskazini. Karibu na Eta Cygni kuna nyota hafifu, HDE 226868, inayozungukana na Cygnus X-1, shimo jeusi lenye mkondo wake na mzunguko unaokaribia kikomo. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilisaidia kulitambua.