Ramani kama Matini: Jina la Kibra na Kumbukumbu ya Msitu

Mhakiki wa fasihi amezoea kuisaka historia katika riwaya na tenzi. Makala haya yanadai kuwa ramani za zamani za Nairobi nazo ni matini zinazostahili kuhakikiwa.

Reli ilipofika mwaka 1899, Nairobi haikuwa mji bado. Lilikuwa jina la mto, lenye maana ya maji baridi katika Kimaasai. Kusini-magharibi, unakopita Mto Motoine, walipewa makazi askari Wanubi wa jeshi la kikoloni. Wao walipaita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo hilo, la zaidi ya ekari 4,000, lilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi.

Katika ramani za kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 huwakilisha kilomita 1. Kijani huonyesha msitu, nayo mistari ya kontua huonyesha mabonde. Matoleo yanapolinganishwa, kijani hupungua na majengo huongezeka, jina husalia. Hata hivyo, jina hilo liliandikwa Kibera, tahajia inayoificha maana yake. Eneobunge lililoanza katika uchaguzi wa 2013 liliirejesha Kibra.

Suala hili si la tahajia tu. Jina lilibeba dai la ardhi, na mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Kwa hivyo, inapendekezwa kuwa utafiti wa majina ya mahali uzisome ramani sambamba na masimulizi ya wazee.