Dereva Mmoja, Kampuni Nyingi: Somo la Bima na Leseni Mpakani

Katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Mutukula wapo madereva wengi wenye gari dogo la mizigo wanaojitegemea. Asubuhi dereva hubeba vifurushi vya kampuni moja, mchana vya nyingine, na jioni magunia ya mfanyabiashara wa sokoni. Kazi hii ni halali, nayo inalisha jamaa nyingi. Hata hivyo, dereva wa namna hii hana mwajiri wa kumwandalia hati. Mambo yote ya leseni na bima humwangukia yeye. Tunaeleza hapa mambo manne yampasayo kuyafahamu.

La kwanza ni matumizi ya gari. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine barabarani. Bima hiyo hukatwa kwa matumizi maalumu. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha likabeba mizigo kwa malipo, limetoka nje ya mapatano. Tuchukue mfano: gari hilo limemgonga mama avukaye barabara na kumvunja mguu. Kampuni ya bima ikigundua kwamba gari lilikuwa kazini, mgogoro huzuka. Mama hubaki hospitalini akisubiri, naye dereva aweza kudaiwa fedha zinazozidi thamani ya gari lake.

La pili ni leseni. Daraja la leseni ya udereva sharti lilingane na aina na uzito wa gari. Aidha, leseni ya udereva haitoshi kwa biashara ya uchukuzi. Nchini Uganda gari la mizigo huhitaji pia leseni ya uchukuzi. Barua au kitambulisho cha kampuni inayokupa kazi si badala ya leseni hiyo.

La tatu ni kuvuka mpaka. Bima ya nyumbani pekee haimlindi mtu utakayemgonga ng'ambo. Kwa sababu hiyo ipo Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987. Inakubalika nchini Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo, na hata Tanzania, ijapokuwa Tanzania si mwanachama wa COMESA tena. Ombeni kadi hiyo kwa kampuni yenu ya bima kabla ya safari, na mhakikishe kwamba nchi mnayokwenda imetajwa na tarehe hazijapita.

La nne ni mzigo wenyewe. Bima ya watu wengine hailipi mali iliyomo garini, wala Kadi ya Njano hailipi. Kampuni moja yaweza kuwa na bima ya mizigo safarini, lakini bima hiyo hulinda mizigo yake tu. Unapochanganya vifurushi vya kampuni tatu, uliza kila moja kwa maandishi: mzigo ukiibwa au ukilowa, nani atalipa? Tenganisha hati za kila kampuni, na usipokee kifurushi kisicho na hati wala jina la mwenyewe. Kikipatikana na magendo, wa kwanza kuhojiwa ni wewe uliyekuwa kwenye usukani.

Tunawakumbusha pia kwamba ukaguzi wa hati barabarani hauna malipo. Faini halali huandikwa kwenye karatasi rasmi; haikabidhiwi askari mkononi. Atakayeombwa vinginevyo na afike kituoni kutoa taarifa.

Nanyi wafanyabiashara mnaowakodi madereva hawa, ombeni kuona hati zao kabla ya kupakia, na malipo yenu yazingatie gharama ya bima. Nauli isiyotosha kulipia bima humpeleka dereva barabarani bila kinga, na hasara yake huwafikia wapita njia wasiohusika. Tahadhari kabla ya hatari.