Pafu la Mvuta Sigara Katika Picha



Twawasikia wengi wakisema: "Twavuta sigara miaka ishirini, hatukohoi wala hatuchoki, basi madhara yake yako wapi?" Katika somo hili twataka kuipima hoja hiyo, kwani msingi wake ni kudhani kuwa kila dhara hujitangaza.

Pafu la mwanadamu lina vifuko vidogo vya hewa, mamia ya milioni, na humo ndimo damu ipatamo pumzi. Moshi wa sigara huzila kuta za vifuko hivyo, vikabomoka na kuwa uwazi mmoja usiofaa kitu. Matabibu huyaita maradhi hayo emfisema. Na kwa kuwa pafu lina akiba kubwa, mtu aweza kupoteza sehemu yake asihisi lolote.

Picha ya eksirei, iliyotokana na uvumbuzi wa Röntgen mwaka 1895, aghalabu haiuonyeshi uharibifu huo mpaka uzidi. Lakini mashine ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, hulionyesha pafu vipande vyembamba vyembamba, na kila nukta hupewa hesabu: maji ni 0, na hewa tupu ni 1000 chini ya sifuri. Pahali palipopita 950 kuelekea hewa tupu huhesabiwa kuwa pameharibika.

Wataalamu wa Marekani walianza mwaka 2008 kuwachungua watu wapatao 10,000, wavutao na waliowahi kuvuta. Mwaka 2015 walieleza ya kuwa, miongoni mwa wale ambao kipimo cha kupuliza pumzi hakikuwaonyesha maradhi, zaidi ya 40 katika kila 100 walionekana katika picha kuwa na emfisema au njia za pumzi zilizonenepa kuta. Hilo ndilo jawabu la asemaye, "Mimi sijambo."

Huenda mwingine akasema: "Basi nitapigwa picha kila mwaka, nami niendelee kuvuta." Ni kweli kuwa uchunguzi mwingine wa Marekani, wa watu zaidi ya 53,000, ulionyesha mwaka 2011 kwamba waliopigwa picha za CT walikufa kwa saratani ya pafu pungufu kwa 20 katika 100 kuliko waliopigwa eksirei. Lakini katika picha zilizotia shaka, zaidi ya 95 katika kila 100 hazikuwa saratani. Watu wakapata hofu, na vipimo juu ya vipimo. Picha ni shahidi, wala si dawa, wala si hirizi.

Dawa ni kuacha. Mwenye kuacha, pumzi yake haipungui tena kwa kasi ile ya mwenye kuendelea. Basi kila siku aiachayo ni faida kwake. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: ukuta wa pafu ukibomoka, haujengeki.